Zawadi ya shoga kutoka mtumbani: tupeane ujuzi (uzi mrefu)

BintiKikwajuni

Assalam alaykum wanajamvi. Shoga yangu kapata kazi ya ualimu Wete, Pemba, anahamia baada ya Iddi. Mtaa mzima unamtayarishia doti za kanga na seti za glasi. Sina ugomvi na kanga wala glasi, ila glasi zitafika Wete vigae, na kanga anazo za kufungulia duka. Mimi namtengenezea vitu kwa mkono, na malighafi naitoa mtumbani. Kila nikisema hivyo kuna mtu ananikunjia uso: "Zawadi ya mtumba? Kwani humpendi?"

Mimi naona zawadi ni ya mtumba ukiitoa vile vile ulivyoinunua. Ukishaikata na kuishona upya kwa kipimo cha mtu fulani na kwa shida yake fulani, imeshakuwa kazi ya mkono wako. Kasha la njumu lililopita kwa bibi, kwa shangazi, kwa mtoto wa shangazi, tunaligombania mpaka watu hawasemezani, na hakuna anayeliita mtumba.

Nilivyofanya: sikuanza sokoni, nimeanza na mtu mwenyewe. Shoga yangu anavaa miwani na haioni anapoiweka. Anasomesha hesabu, kwa hiyo anatembea na madaftari ya watoto begani. Chai ikipoa haigusi. Hapendi mapambo ya kukaa kabatini kukusanya vumbi. Basi nimepata kazi tatu: kifuko cha miwani, kava la buli, mkoba wa madaftari. Nikaenda sokoni najua ninachokitafuta, maana ukienda Darajani kichwa kitupu unarudi na gauni lako mwenyewe.

Kava la buli na kifuko cha miwani nimevitoa kwenye sweta. Unguja nani anavaa sweta? Belo likifunguliwa watu wanarukia magauni, mashuka na nguo za watoto, sweta na makoti vinasukumwa chini ya meza, na jioni muuzaji anakupa kwa bei ya kumwondolea mzigo. Unachotafuta ni sufu tupu. Lebo nyingi zimekatwa, au zimeandikwa lugha usiyoijua, kwa hiyo nunua kwa kukisia halafu pima kwa moto nyumbani. Chomoa uzi mdogo kwenye mshono wa ndani, uweke juu ya kisahani, washa kibiriti. Sufu inaungua kwa kusitasita, ukiondoa moto inajizima, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabana yanakuwa unga mweusi. Uzi wa plastiki, kama akriliki, unayeyuka huku unawaka na kuacha shanga ngumu isiyopondeka kwa vidole. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Fanya uani, dirisha la jikoni halitoshi, ile harufu ya nywele inakaa.

Ukishahakikisha ni sufu, ifanyie yale yote uliyokatazwa kuifanyia sufu. Maji ya moto, sabuni ya kipande, sugua, kamua, piga, kisha maji ya baridi, halafu rudi kwenye moto. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo. Joto, sabuni na msuguano vinayafungamanisha yasiachane tena. Sweta ya mtu mzima inanywea mpaka ya mtoto, inakuwa nene, na uzuri wake ni huu: ukiikata haifumuki. Huhitaji kupinda wala kuzungushia mshono. Kata vipande viwili kwa umbo la buli, acha tundu la mdomo na la mkono, shona kwa mkono, umemaliza. Kifuko cha miwani kinatoka kwenye mkono wa sweta, upande wa kiwiko, kwa chini unakifunga na juu unatia kifungo. Zipo sufu zilizotiwa dawa kiwandani ili zifuliwe kwa mashine bila kunywea. Hizo ukizipiga mpaka alfajiri hazikubali, ziache.

Mkoba wa madaftari ndio unaonisumbua. Nina jinzi ya kiume pana na kanga kuukuu ya bitana. Mafundi mpo?

FundiMwembeladu

Waalaykum salaam. Tupo.

Jinzi usiikate ovyo. Goti limechakaa hata kama huoni. Inyanyue mbele ya taa utaona mwanga unapita. Kitambaa kizima kiko nyuma ya paja na chini ya goti, kwenye muundi. Fumua ule mshono wa mguu ulio mwepesi, acha ule wenye mishono miwili, huo tayari ni imara, uweke katikati ya mkoba. Mfuko wa nyuma usiutupe, ubandike ndani uwe wa kalamu na simu.

Sindano tia namba 16. Sindano ya 11 ya gauni itavunjika, na ikivunjika inaruka, linda macho. Pale mishono inapokutana na kitambaa kinakuwa tabaka sita au saba, weka juu ya ubao upige kwa nyundo mpaka ilale, halafu pitisha cherehani kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Wengi wanakanyaga pedeli kwa nguvu wakifika hapo, baadaye wananiletea cherehani imeharibika majira, sindano haikutani na uzi wa chini.

Mikanda ya begani usiifanye ya jinzi tabaka nne, itamkata bega. Chukua mkanda wa begi la mtumba lililochanika, ule mpana wa kusuka. Na ufike mpaka chini ya mkoba, uzunguke. Ukiushonea juu tu, madaftari ya darasa moja yatang'oa mdomo wa mkoba kabla ya likizo.

Asotaka_Mtumba

Samahanini, lakini mimi nikiletewa sweta ya mzungu imekatwakatwa nitasema ahsante na nitaifanya tambara la kushikia sufuria. Kafa Ulaya ni kafa Ulaya. Na hivi vitu ndivyo vilivyoua viwanda vyetu vya nguo.

BintiKikwajuni

Tambara la kushikia sufuria la sufu ni zuri sana, halishiki moto upesi. Mwenyewe umetoa wazo la nne.

Kuhusu viwanda, una hoja, sikatai. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iwe imeondoka kufikia 2019. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya AGOA, ile ya kuuza bidhaa kule bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo kule. Ila sweta iliyolala chini ya meza Saateni imeshaingia nchini, na mimi nisipoinunua inaishia jaani. Uzi huu ni wa mkasi na sindano, ile mada ya viwanda ifungulie uzi wake nitakuja kuchangia.

BiMkubwa_Mkele

Wanangu, mimi nasoma kwa simu ya mjukuu, mtanisamehe.

Kanga ya bitana nzuri ni ile kuukuu iliyokwisha kulainika, lakini iangalieni rangi. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazotoka. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua upande mmoja wa kanga kwa nguvu. Kikitoka na rangi, kanga hiyo haijaisha kutema, itayatia madaftari ya watu wekundu siku mvua ikimkuta njiani. Ifue mpaka maji yatoke meupe.

Pili, jina. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina, na mtu anayejua kukata anaanza kwa kulipima jina. Nimeona mkoba umekatwa kwenye kanga ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", mkasi ukapita katikati, nje kukabaki "nyota ya mwenzio". Aliyepewa akafurahi, yule aliyepewa nusu nyingine sijui kama alifurahi. Jina likae zima, na lisiwe la kijembe. Ukimpa shoga mkoba wenye "Hasidi hana sababu" hatalala siku hiyo, atakaa anahesabu mahasidi, na wewe utakuwa kwenye hesabu.

Na kama ni kanga ya marehemu mama yake au bibi yake, usiitie mkasi bila ya kumuuliza. Hata kama imechanika. Hata kama alikupa mwenyewe akasema fanya utakavyo.

BintiKikwajuni

Shikamoo bi mkubwa. Yangu imeandikwa "Wema hauozi", inatoka zima kwenye mfuko wa mbele, nimeshapima.

Maalim_Jang'ombe

Niongeze moja ambalo halijaguswa. Nguo ya mtumba ikifuliwa kwa maji safi haina tatizo, tunasalia. Tatizo liko kwenye ngozi. Mabegi, mikanda, pochi na bitana za viatu kutoka Ulaya nyingine ni ngozi ya nguruwe, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, ngozi hiyo haitoharishwi, yaani haiwi tohara, hata ikitiwa dawa na kutengenezwa vipi. Mtu anakata begi zuri, anamshonea rafiki yake jalada la msahafu. Ndugu zangu!

Namna ya kuitambua: iangalieni kwenye mwanga wa jua, kwa kioo cha kukuzia kama kipo. Vitundu vya vinyweleo vya nguruwe vinakaa vitatu vitatu, kama vimechomwa kwa uma mdogo. Vya ng'ombe vimejaa karibu karibu vikiwa vimetawanyika sawa, vya mbuzi vinakwenda kwa mistari. Lakini ngozi ikipakwa rangi nzito au ikipigwa chapa huoni kitu, na hapo mimi naiacha. Vitambaa vipo vingi.

FundiMwembeladu

Maalim kasema kweli, na mimi naongeza: ngozi ya bandia ya mtumba pia iacheni. Ukiiona inameguka maganda kwenye kona, hakuna dawa, joto na unyevu wa hapa utaimaliza yote kwa msimu mmoja.

Badala yake tafuteni tai. Tai za hariri zinauzwa kwa fungu na hakuna anayezitaka. Fumua mgongo, toa kile kitambaa kizito cha ndani, pasi kwa moto mdogo. Mbili zinatosha pochi ndogo ya kike. Ila tai imekatwa mshazari, ndiyo maana inaning'inia vizuri shingoni, na kwa sababu hiyo hiyo inavutika ukiishona. Kwanza ibandike kwa pasi kwenye kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola, ndipo ukate. Hariri kwa mwanamke haina neno, Maalim atanisahihisha.

Maalim_Jang'ombe

Kwa mwanamke haina neno.

Mpemba_wa_Wete

Mnamleta mwalimu kwetu halafu hakuna aliyeuliza Pemba kukoje. Kuna mvua! Masika yakishika, nguo iliyokaa sandukuni wiki chache inaota ukungu, na chuma chochote kinapata kutu. Kwa hiyo zipu ya mkoba angalieni. Chukueni sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, isogezeni kwenye meno ya zipu. Ikinasa, ni chuma, itashika kutu na kuchafua kitambaa. Isiponasa ni shaba au plastiki, tieni. Vifungo vya jinzi nao hivyo hivyo.

Hilo kava la sufu nalo litaliwa na nondo likikaa bila kutumika. Mshonee vifuko vidogo vya mabaki ya kanga, tia karafuu kavu, funga kwa uzi, aweke sandukuni. Karafuu ziwe kavu kabisa, ukiivunja kikonyo ilie. Zikiwa mbichi ndizo zitakazoleta ukungu. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, pia yana harufu, ndiyo yanayokamuliwa mafuta pale kiwandani Wawi, na ni ya bei ndogo kuliko karafuu yenyewe. Na msinunue karafuu za uchochoroni kwa kilo kilo mkasema mnatengeneza zawadi. Mnajua wenyewe biashara ya karafuu iko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na magendo yanatafutwa. Za kutia mfukoni nunueni dukani kwa kipimo cha jikoni.

Ingawa, kwa kweli, kuleta karafuu Wete kama zawadi...

Asotaka_Mtumba

Hahaha! Angalau hilo nimecheka.

BintiKikwajuni

Basi vifuko nitamshonea vitupu, karafuu atajaza huko huko kwa wenyewe. Ahsante kwa la sumaku, zipu yangu imenasa, naibadilisha leo.

Bwana_Kasha

Naona nguo tupu humu. Mimi nashughulika na vyombo: dele la kahawa, chetezo, mrashi, masinia, vinavyotoka kwenye nyumba za watu Mji Mkongwe na Ng'ambo pia. Sumaku ya Mpemba ndiyo ya kwenda nayo hata huku. Dele likinasa sumaku ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ukilisugua sana litakuwa jeupe na utalia.

Shaba halisi safisha kwa ukwaju. Roweka kwa maji kidogo, paka rojo, acha dakika chache huku unaangalia, sugua kwa kitambaa, suuza, kausha mara moja. Ile asidi ya ukwaju inakula weusi. Ndimu na chumvi inafanya kazi hiyo hiyo ila ni kali, ukiisahau inaacha madoa mekundu. Kama chombo kina nakshi, weusi ulioko ndani ya nakshi uache. Ukiung'oa wote, ua halionekani tena.

Kitu kimoja cha usalama. Chombo cha shaba kilichotoka ile bati ya ndani ni cha kuwekea maua au kalamu, hakifai kutiliwa kahawa wala kitu chenye ukali. Nacho kikombe cha kauri cha zamani chenye nyufa kwenye rangi yake ya juu, kisinywewe, kwa sababu rangi za vyombo vya zamani nyingine zina madini ya risasi. Binti yangu anavitia nta na utambi vinakuwa mishumaa. Nta anaiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, haiweki moja kwa moja juu ya jiko. Kikombe anakipasha kwanza kwa maji ya moto na kukikausha, kisije kikapasuka nta ikiingia. Huo mshumaa unafaa Pemba umeme ukikatika, si pambo.

Mpemba_wa_Wete

Na Unguja umeme haukatiki?

Bwana_Kasha

Nimenyamaza.

Mama_Pazia

Swali langu ni jingine. Mnamwambia mpewaji kwamba ni mtumba au mnanyamaza? Mimi nilimshonea wifi yangu foronya kwenye pazia la mtumba, nimeitia taraza pembeni, akaisifu mbele ya watu, akaniuliza kitambaa nimenunua duka gani Mlandege. Nikasema "nitakupeleka". Mpaka leo ananidai kumpeleka.

BiMkubwa_Mkele

Mwambie pazia lilikuwa moja na limekwisha. Si uongo.

BintiKikwajuni

Mimi nasema tangu mwanzo, tena kwa kujivuna. "Hii ilikuwa sweta ya baba mmoja mnene, nimeipiga ukutani wiki nzima." Mtu akijua kitu kilikuwa nini anakishika vingine, anakigeuza, anatafuta mahali mshono ulipopita. Wifi ni mtihani mwingine, hapo nafuata fatwa ya bi mkubwa. Lakini kwa shoga sioni cha kuficha. Na kama atakereka kwa sababu kitambaa kimetoka kwenye belo, nitakuwa nimejua kitu juu yake kabla hajahama.

Asotaka_Mtumba

Nauliza kwa nia njema sasa. Nina mashati ya kiume ya pamba, yangu mwenyewe, si mtumba, kola zimekwisha tu. Yanatoka nini?

FundiMwembeladu

Karibu ndani, ndugu yangu. Kola zikiisha mgongo bado mzima, na mgongo wa shati la kiume ndio kitambaa kipana kuliko vyote kwenye shati. Mawili yanatoka foronya: upande wa mbele tumia kifua cha shati pamoja na vifungo vyake, ndiyo inakuwa mahali pa kutilia mto, huhitaji zipu. Mikono inatoka vitambaa vya kufungia zawadi. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2006, na bado nawaona watu wanahangaika na makaratasi ya kung'aa ya kufungia zawadi yanayochanika njiani. Funga kwa kitambaa, fundo juu, basi.

Asotaka_Mtumba

Foronya kwa mke wangu kutoka kwenye mashati yangu mwenyewe. Sijui atasemaje.

BiMkubwa_Mkele

Yafue kwanza.

BintiKikwajuni

Nimemaliza mkoba, alhamdulillah. Mkanda nimeuzungusha chini kama fundi alivyosema, nimejaribu kwa kutia kilo tano za mchele nikauning'iniza mlangoni usiku kucha, haujasogea. Bitana nimeipasi kabla ya kuitia, na ndani nimeshonea kijikamba chenye kishikizo cha funguo, maana funguo nazo anapoteza. Kifuko cha miwani nimekitengeneza cha rangi ya chungwa kali, kusudi akione hata akiwa hana miwani. Kava la buli limebaki kifungo.

Picha naona zinagoma kupanda, nitajaribu nikipata bando la kueleweka. Mpemba, swali la mwisho: boti ya Wete mzigo mdogo kama huu unapokewa kaunta au nimpe mtu mkononi?

Mpemba_wa_Wete

Mpe yeye mwenyewe auvae begani, kwani si mkoba huo? Hilo kava la buli litie ndani, na ndani ya kava tia glasi moja ya wale majirani zako. Itafika nzima.